Bei ya khiari: kisa cha karatasi ya mzee iliyosomwa vibaya

Usuli

Asili ya familia hii ni Pemba. Leo wako Wete, Unguja, Dar es Salaam, na upande mmoja uko Muscat tangu baada ya Mapinduzi ya 1964. Majina yote nimeyaondoa, na hesabu za fedha na mikarafuu nimezigeuza kidogo bila kuharibu uwiano wake. Maneno yenyewe sikuyagusa, kwa sababu kisa hiki ni cha maneno.

Nilifundisha Kiswahili skuli ya sekondari kwa miaka mingi, na watu huniletea karatasi za wazee wao niwasaidie kuzisoma. Aliyeniletea hii ni kijana wa miaka ishirini na kitu. Jamaa zake walikuwa wanatayarisha kijitabu cha historia ya ukoo wao, kigawiwe siku ya arusi kubwa itakayowakutanisha wote, wa Pemba na wa Muscat. Ukurasa wa tatu wa kijitabu ulikuwa na sentensi hii: "Mwaka huo Mzee aliliuza shamba la bondeni kwa hiari yake." Kijana aliambiwa asiibadili. Lakini roho ilimkataa, maana sentensi hiyo ndiyo iliyougawa ukoo.

Shamba la bondeni lilikuwa la urithi, la Mzee na mdogo wake kwa pamoja. Kizazi cha mdogo mtu kiliamini kwamba kaka mkubwa aliuza mali ya wawili, akala fedha peke yake, halafu akakaa palepale akiwa kibarua wa mnunuzi. Kizazi cha Mzee kiliamini hivyohivyo ila kwa aibu. Ushahidi wa wote ulikuwa mmoja: barua ya Mzee kwa mdogo wake.

Karatasi yenyewe

Kijana hakuniletea barua. Aliniletea nakala yake, iliyoandikwa kwa herufi za Kilatini na mtoto wa kiume wa Mzee, marehemu sasa, ambaye alikuwa karani na mwandiko wake ulikuwa mzuri kweli. Asili ilikuwa kwa herufi za Kiarabu, kama ilivyokuwa ada ya watu wa pwani. Sehemu inayotuhusu ilisema hivi:

"Nakuarifu ya kuwa shamba la bondeni, mikarafuu mia na ishirini [neno halisomeki], nimemuuzia fulani kwa bei ya hiari, rupia mia sita, muda miaka mitatu, na ijara juu yangu kila mwaka rupia sitini. Mipaka yake kibla shamba la wakfu, suheli njia, matlai mto, magharibi konde letu. Mfungo kenda 1349."

Na hivi ndivyo familia ilivyoielewa kwa zaidi ya miaka thelathini: Mzee ameuza kwa kupenda mwenyewe, bei ni rupia 600, atakazolipwa kwa miaka mitatu, juu ya hizo anapata ujira wa rupia 60 kila mwaka kwa kumsimamia mnunuzi shamba, na yote hayo kayafanya tarehe tisa ya mwezi wa mfungo, Ramadhani. Hilo la Ramadhani ndilo lililokuwa likimuuma shangazi mmoja kuliko yote. "Watu wamefunga, yeye anauza urithi," alikuwa akisema.

Tulivyoanza

Nilimwambia kijana apige mstari chini ya kila neno asilolijua. Alipiga mitatu: suheli, matlai, kenda. Hakupigia hiari, wala ijara, wala juu yangu, wala mfungo. Haya anayajua.

Nami nilifuata mistari yake. Niliona maneno matatu magumu, nikaona kazi ni hiyo. Laiti ningemwambia apigie mistari maneno anayodhani anayajua, tungeokoa siku kumi.

Mipaka ya shamba

Tulianza na pande nne kwa sababu hapo muktadha unajieleza wenyewe. Anayetaja mipaka ya shamba hutaja pande nne, kila mmoja mara moja. Basi hata kama hujui neno lolote kati ya manne, unajua tayari kwamba ndani yake mna kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Moja tulikuwa nalo: magharibi. Yalibaki matatu.

Matlai halikutusumbua. Kiarabu kina mzizi wenye maana ya kuchomoza au kupanda, na matlai ni mahali pa kuchomozea, yaani jua linakotokea. Ni mashariki. Magharibi nalo limetungwa kwa ufundi huohuo: mahali pa kuchwea, yaani jua linakotua, na ndiyo maana neno hilohilo ni upande wa dunia na pia ni wakati wa sala jua likizama. Mzizi ulisema mashariki, na muktadha haukuwa na pingamizi.

Suheli ndiko nilikopotea, na nataka nieleze kosa hili kwa urefu kwa kuwa ni kosa la mtu anayejua kidogo. Nilipoliona tu nilisema moyoni: hili ni ndugu wa Sahel, ni ndugu wa Waswahili. Neno Kiswahili linatokana na sawahil, wingi wa sahil, pwani. Basi suheli ni upande wa pwani. Nilimuuliza kijana pwani ya karibu na bonde lile iko wapi, akasema mashariki. Nikaandika pembeni: suheli, upande wa pwani, mashariki.

Furaha ya kupata mzizi ilinifumba macho. Nilikuwa na shamba lenye mashariki mbili na lisilo na kusini. Jambo hilo lilikuwa mbele yangu kwenye karatasi, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na kwa siku mbili nililitetea. Nikasema labda Mzee alitaja mto kwanza halafu njia ya kuendea pwani, zote upande mmoja. Unapojikuta unamtungia mwandishi sababu za kuandika ovyo, ujue tatizo liko kwako.

Aliyenitoa ni jirani yangu, mvuvi, mtu wa makamo, hajui Kiarabu zaidi ya Fatiha na sura chache. Nilimtajia neno tu, bila barua. Akasema, "Suheli si nyota? Ile kubwa inayokaa kusini." Kisha akaniambia na Kilimia, lile kundi la nyota, na ule usemi kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Suheli ni nyota ya pili kwa mng'aro katika anga la usiku, na kutoka visiwani kwetu huonekana upande wa kusini. Mabaharia wa Bahari ya Hindi waliitumia kushika njia, na Waomani hadi leo huita kusini kwa jina lake. Shamba letu likapata kusini yake.

Kosa langu lilikuwa la herufi moja. Kiarabu kina H mbili. Ya sahil, pwani, hutoka kooni kwa nguvu. Ya Suheli ni nyepesi. Na kuna sahali, rahisi, ambalo nalo lina ile nyepesi. Kiswahili kimezifanya zote kuwa h moja, na mwandiko wa Kilatini hauachi hata alama. Maneno matatu yenye maana tofauti kabisa yamevaa nguo moja.

Kibla lilibaki na jibu moja tu, kaskazini, na kwa Mpemba halina mjadala. Makka na Pemba ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, takriban nyuzi 39.8 mashariki, kwa hiyo anayesali Pemba huelekea kaskazini. Lakini ami yake kijana, aliyezaliwa Muscat, alituma ujumbe akisisitiza kibla ni magharibi. Kwake ni kweli kabisa: kutoka Muscat Makka iko karibu magharibi. Alikuwa anaisoma barua ya babu yake akiwa amesimama mahali pengine. Tulimwonyesha kwamba magharibi imekwisha kutajwa, akanyamaza, kisha akaandika, "Kumbe alikuwa anaswali Pemba."

Mfungo kenda

Hapa tulipoteza muda kwa ujinga wa kutouliza. Kijana na mimi tulishughulika na hesabu: kenda ni tisa kwa Kiswahili cha zamani, hilo sawa, mfungo ni kufunga, basi tarehe tisa Ramadhani. Nilihisi kasoro, maana tarehe ya barua isiyotaja jina la mwezi wala neno tarehe ni ya ajabu, lakini sikuwa na jibu.

Siku kijana aliponipeleka kwa bibi yake, binti wa Mzee, aliye na miaka themanini na zaidi, nilimwamkia, nikakaa, na kabla hatujafika kwenye shamba alisikia neno hilo likisomwa. "Mfunguo kenda ndio baada ya mfunguo nane," alisema, kama mtu anayemfundisha mtoto siku za wiki. "Halafu Rajabu, Shaabani, Ramadhani."

Watu wa pwani waliihesabu miezi kutoka pale saumu inapofunguliwa. Mfunguo mosi ni Shawwali, mfunguo pili ni Dhulkaada, mfunguo tatu ni Dhulhija, hadi mfunguo kenda, ambao ni Jumada ya pili. Tisa na ile mitatu ni kumi na mbili. Asili ya neno iko ndani ya Kiswahili chenyewe: ni fungua. Ulimi uliimeza ile u, likawa mfungo, na sikio la leo likasikia funga, kinyume chake kabisa. Jumada ya pili ya 1349 iliangukia Oktoba na Novemba 1930. Ramadhani ilikuwa bado miezi mitatu. Shangazi alipoambiwa hakusema kitu, alitengeneza mtandio wake tu.

Mwaka 1930 nao una maneno yake. Mdororo wa uchumi wa dunia ulikuwa umeanza mwaka mmoja nyuma, na katika miaka ile bei ya karafuu ilianguka huku wenye mashamba wengi Unguja na Pemba wakielemewa na madeni.

Ijara, na neno "juu"

Sasa tulikuwa na tarehe na pande nne, na maneno "magumu" yalikuwa yamekwisha. Kijana alianza kufunga daftari. Nilimwomba anisomee sentensi ya kwanza polepole, akiweka maana ya kila neno mahali pake, hata kama anaiona ya kitoto.

Aliposema "na ujira juu yangu kila mwaka rupia sitini," nilimsimamisha. Ijara na ujira ni watoto wa mzizi mmoja, pamoja na ajira, ajiri na mwajiri. Wote wanazunguka malipo ya kutumia kitu au mtu. Lakini ujira hulipwa mtu kwa kazi yake, na ijara ni kodi ya kukitumia kitu cha mwingine: nyumba, chombo, shamba. Mzizi peke yake usingetuamulia ni ipi kati ya hizo mbili, kwa sababu unazibeba zote.

Kilichoamua ni "juu yangu", na hilo halikuhitaji Kiarabu. Nilimuuliza kijana, "Ukiwaambia wenzako chai leo juu yangu, nani analipa?" Akacheka, akasema, "Mimi." Halafu akaacha kucheka. Miaka yote hiyo walikuwa wamesoma "juu yangu" kama nyongeza inayomjia Mzee, ilhali kila siku barazani wanalitumia neno hilo kwa mzigo unaomwangukia msemaji. Mzee hakuwa akilipwa rupia 60. Alikuwa akizilipa.

Hapo barua yote ilitikisika. Mtu kauza shamba, bado yumo shambani, na anamlipa mnunuzi kodi kila mwaka. Na muda wa miaka mitatu ni muda wa nini? Ikiwa fedha inalipwa kwa mafungu, mbona hakutaja kila fungu ni kiasi gani, naye ametaja hadi njia na mto? Sentensi iliyokuwa laini kwa miaka thelathini ilianza kukwaruza kila mahali.

Uamuzi wa kutafuta asili

Nilikuwa na dhana tayari, maana nimesoma kiasi juu ya mambo ya ardhi Zanzibar, lakini sikumwambia kijana. Nilikuwa nimejifunza kwa suheli kwamba dhana tamu inaweza kumpofusha mtu, na sikutaka tuwe vipofu wawili. Nilimwambia hatuendelei na nakala. Tuipate barua yenyewe.

Ilikuwa Muscat, kwenye sanduku la mdogo wake Mzee, kwa sababu barua huhifadhiwa na aliyeandikiwa. Kwa uhusiano wa pande mbili ulivyokuwa, kuiomba halikuwa jambo dogo. Kijana alimpigia ami yake mwenyewe. Baada ya siku nne zikaja picha mbili za simu.

Suheli ilikuwa kwa ile H nyepesi. Mvuvi alikuwa sahihi, na kama ningeanza na karatasi hii nisingepotea hata saa moja. Na pale nakala iliposema "hiari" palikuwa na kha, yenye nukta juu, wazi kabisa: bei ya khiari.

Mzee hakuwa anasema aliuza kwa kupenda. Alikuwa anataja aina ya mkataba. Katika sheria ya Kiislamu khiyar ni haki ya kuchagua iliyowekwa ndani ya mauziano, na Oman na Zanzibar bei ya khiari ilikuwa njia iliyozoeleka ya mwenye shamba kupata fedha. Riba ni haramu, kwa hiyo hapakopwi. Mwenye shamba "anauza", anapokea fedha, na anabaki na khiari ya kulikomboa kwa kurudisha fedha ileile ndani ya muda uliowekwa. Mara nyingi hutoki shambani: unalipangisha shamba lako mwenyewe kutoka kwa mnunuzi, na ile ijara ndiyo faida yake. Kwa jina ni kuuza na kupangisha. Kwa vitendo ni rehani.

Soma sasa sentensi upya. Kila kipande kina mahali pa kukaa. Miaka mitatu ni muda wa kukomboa. Rupia 60 ni ijara ya mwaka. Na hata ile mipaka minne imeeleweka kwa nini imo: huyu mtu alikuwa anamwandikia mshirika wake kumbukumbu ya mali wanayotarajia kuirudisha.

Matokeo

Kijitabu kilichapishwa na sentensi mpya: "Mwishoni mwa 1930 Mzee aliweka shamba la bondeni kwa bei ya khiari ya miaka mitatu, akamwarifu mdogo wake kwa barua." Nilishauri wasiongeze neno. Barua haisemi kama alilikomboa, na hatuna karatasi ya 1933. Kijana alitaka sana kuandika kwamba alilikomboa, kwa sababu bibi yake anakumbuka akiwa mtoto wakienda bondeni kuchuma karafuu na kukaa huko wiki nzima. Bibi alizaliwa miaka kadhaa baada ya muda ule kwisha. Lakini hata mpangaji huchuma karafuu, na kumbukumbu ya mtoto haitofautishi mwenye shamba na mpangaji. Tuliiacha. Isitoshe, baada ya 1964 ardhi yote ilikuwa mali ya Serikali na mashamba yakagawiwa kwa eka tatutatu, hivyo hapakuwa na dai la mali kwa yeyote. Kilichokuwa kinatafutwa ni heshima ya mtu.

Ami wa Muscat alimpigia bibi simu mwenyewe. Sikuwepo, sijui walisema nini, najua tu yalikuwa mazungumzo marefu.

Shangazi hakusadiki. "Khiari au hiari, mwalimu, si neno moja?" aliniuliza. Swali hilo ni zuri kuliko alivyodhani, na ninalijibu hapo chini.

Uchambuzi

Shangazi ana haki: ni neno moja. Khiari na hiari ni neno lilelile la Kiarabu, kutoka mzizi uliotupa pia heri. Kiswahili kimeiachia kh katika maneno mengi, kikasema habari na heri mahali pa khabari na kheri, na hakuna anayepoteza maana. Kwa hiyo nukta ile juu ya kha haikuthibitisha chochote peke yake. Ningekuwa mwongo kusema nilimwonyesha kijana nukta na mambo yakaisha. Kilichothibitisha ni kwamba maneno matatu yaliyosimama pamoja, bei ya khiari, muda, na ijara juu yangu, yanakubaliana kwa maana moja tu. Chukua hiari ya leo, na ijara inakuwa kitendawili, na muda unakuwa kitendawili. Chukua khiari ya mkataba, na vyote viwili vinafumbuka bila kusukumwa. Nukta ilinifaa kwa jambo jingine: ilinirudisha kwa Mzee na lugha ya mauziano ya wakati wake, ikaniondoa kwenye kamusi ya kichwani mwangu.

Jambo ambalo kisa hiki kimenifundisha, nami nalishikilia sasa na kila anayeniletea karatasi, ni kwamba neno usilolijua halina madhara makubwa. Linakusimamisha. Unauliza, unatafuta, unapekua. Matlai halikumdhuru mtu yeyote katika ukoo ule kwa sababu hakuna aliyejidai kulielewa. Lililowadhuru ni hiari, neno ambalo mtoto wa darasa la pili analijua. Lilipita mlangoni bila kubishiwa hodi kwa kuwa uso wake ni wa nyumbani. Mfungo lilipita hivyohivyo, na "juu" pia.

Juu ya mizizi nina la kusema zaidi, kwa sababu wanafunzi wangu wa zamani watakumbuka jinsi nilivyoipenda. Asili ya neno inakuambia lilitoka wapi, haikuambii limefika wapi. Gereza limetokana na neno la Kireno la kanisa. Ushuru umetokana na sehemu moja ya kumi, na hakuna karani wa ushuru atakayekubali kukutoza moja ya kumi kwa hoja hiyo. Mzizi ulinisaidia kwa matlai, ulinitupa shimoni kwa suheli, na kwa ijara ulinifikisha njia panda ukaniacha hapo. Maneno matatu, barua moja, mzizi umefanya kazi tatu tofauti. Sasa siuamini mzizi mpaka nirudishe maana yake ndani ya sentensi, na ndani ya sentensi za jirani, nione kama kuna kitu kinachovunjika. Mashariki mbili ni kitu kilichovunjika.

Kulikuwa na ushahidi mmoja ambao niliuweka kando, na bado nadhani nilifanya vyema. Kwenye daftari la Mzee kuna hesabu ya miaka ya nyuma ya konde la jirani, mikarafuu arobaini kwa rupia mia nne: rupia kumi mti mmoja. Shamba la bondeni limekwenda kwa rupia tano mti. Kijana alifurahi, akasema nusu ya bei ni alama ya rehani. Huenda. Lakini katikati hapo bei ya karafuu imeanguka, na mti wa 1930 si mti wa miaka ya nyuma. Ushahidi unaokubaliana nawe nao unahitaji kuulizwa maswali.

Kilichofanya kazi dhaifu zaidi ni mpangilio wa kuuliza. Nilianza na vitabu vyangu, kisha nakala, kisha watu, na karatasi ya asili nikaifikia mwisho. Ilitakiwa iwe kinyume. Bibi alikuwa na jibu la tarehe tangu siku ya kwanza, yuko nyumba ya tatu kutoka pale kijana alipolala. Mvuvi alikuwa na jibu la kusini. Kazi ya karani, Mungu amrehemu, sitaki ilaumiwe kupita kiasi. Alitumia herufi za shule yake na matamshi ya zama zake, na bila nakala yake hakuna hata mmoja wa kizazi hiki ambaye angejua kwamba barua ipo. Lakini nakala ni usomaji wa mtu mmoja tayari. Alipoandika hiari alikuwa amekwisha kuamua, pengine bila kujijua.

Linabaki neno moja. Baada ya "mikarafuu mia na ishirini" karatasi imekunjwa mara nyingi hapohapo, na wino umekatika. Katika picha ya Muscat naona mkia wa herufi ya mwisho, na nukta moja ambayo inaweza kuwa ya juu ya mstari huu au ya chini ya ule wa juu yake. Kijana amependekeza maneno mawili, la pili zuri kweli, lingetuambia mikarafuu ile ilikuwa inazaa au michanga. Ami ameahidi kuipiga picha tena mchana, karatasi ikiwa imenyooshwa chini ya kioo. Mpaka hapo tumeiandika kwenye kijitabu kama ilivyo, pengo na mabano yake.